Kuendesha ignaita ya Toyota kwa kontrol boksi ya kujitengenezea: nani anachaji koili?

Saketi_Mwanza:
Wakuu habari zenu,

Nafungua uzi huu kwa yeyote anayejenga kontrol boksi (kompyuta ya injini) yake mwenyewe na amefika kwenye cheche. Naona wengi wanaanza na mafuta: injekta, ramani, sensa ya hewa. Cheche wanaiweka mwisho kwa sababu kwenye mchoro ni waya mmoja tu, unatoka kwenye boksi unaingia kwenye ignaita, kile kiboksi kinachowasha na kuzima koili. Waya ni mmoja kweli, ila ukiukosea haukupi onyo lolote. Gari linaweza hata kuwaka, huku koili (inayokuza umeme wa betri uwe cheche) inachemka taratibu mpaka ignaita inakufa.

Mfano wangu ni Corolla AE100 yenye injini ya 5A-FE, kwa sababu ndiyo ninayoifanyia kazi na spea zake bado zipo mitaani. Boksi ni Speeduino, ule mradi wa wazi ulioanzishwa na Josh Stewart wa Australia, unaotumia Arduino Mega 2560 kama ubongo. Ukitumia MegaSquirt ya Bowling na Grippo, au rusEFI, haya ninayosema yanakuhusu vilevile.

Ignaita ya Toyota ni kile kiboksi cha alumini chenye namba inayoanza na 89621. Ndani kuna transista kubwa inayounga na kukata ethi ya koili. Inapokea signali ya volti 5 iitwayo IGT kutoka kwenye kontrol boksi, nayo inarudisha signali iitwayo IGF kusema kazi imefanyika. IGT ikipanda, umeme unaanza kupita kwenye koili na koili inachaji. IGT ikishuka, transista inakata, sumaku ya koili inaanguka ghafla, cheche inapiga kwenye plagi. Shikeni hapo: kupanda ni kuchaji, kushuka ni cheche.

Sasa swali ambalo kila mtu angejiuliza kabla hajashika spana: nani anapima muda wa kuchaji? Kwa ignaita hii ya Toyota anayepima ni boksi yako. Ukishikilia IGT juu milisekunde 3, koili inachaji milisekunde 3. Ukiishikilia 6, inachaji 6. Si magari yote yako hivyo. Ford za zamani zenye ignaita ya TFI ya rangi ya kijivu zinajipimia zenyewe. Boksi inazipelekea mawimbi ya nusu juu nusu chini, ignaita inaamua ianze kuchaji lini. Mtu akichukua mpangilio wa Ford hiyo akaubandika kwenye Toyota, kwenye silensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa) koili itakuwa na umeme nusu ya muda wote, na haitadumu.

Muda wenyewe unatokana na koili. Tuchukue koili ya mfano yenye ukinzani wa ohm 0.5 na induktansi ya milihenri 5, tunataka ifike ampea 7. Betri ikiwa volti 14 itachukua takribani milisekunde 2.9. Kwa volti 12 ni 3.4. Stata inapovuta betri mpaka volti 10 unahitaji 4.3. Ndiyo maana programu zote hizi zina jedwali la kurekebisha dweli, yaani muda wa kuchaji koili, kulingana na betri, na mtu anayeliacha tupu analalamika kuwa gari haliwaki asubuhi.

Upande wa pili kuna ukuta. Injini ya silinda 4 yenye koili moja na distribyuta (inayogawa cheche kwa kila silinda), ikizunguka 6000 kwa dakika, inataka cheche 200 kwa sekunde. Kati ya cheche na cheche kuna milisekunde 5 tu. Ukichaji 3, zinabaki 2 za cheche yenyewe kuwaka. Kwa hiyo kuongeza dweli ili "cheche iwe kali" kuna mwisho wake, na mwisho wenyewe uko karibu.

Karibuni kwa maswali.

Fundi_Sakina:
Mkuu heshima yako. Mimi ni fundi umeme wa magari Arusha, mambo ya Arduino siyafahamu sana. Kwanza, kwa nini mtu asinunue boksi ya mtumba tu? Pili, gereji hatuna osiloskopu. Nikiletewa gari lenye boksi kama hiyo nitajuaje signali iko sawa kabla ya kuunguza kitu cha mteja?

Saketi_Mwanza:
Fundi, ukipata boksi inayoendana na injini, giaboksi na soketi zako, na inafanya kazi, nunua. Mimi nahitaji boksi ninayoweza kuifungua na kuipanga upya, ndiyo sababu yangu pekee.

Kuhusu kupima, mita yako ya kawaida inatosha kwa kazi kubwa. Weka kwenye volti za DC, pima kati ya waya wa IGT na ethi injini ikiwa silensa. Mita inasoma wastani. Kwa mizunguko 800, cheche inakuja kila milisekunde 37.5. Kama boksi inashikilia juu milisekunde 3 tu, wastani ni kama volti 0.4. Ukikuta mita inasoma volti 4 na zaidi, zima gari hapo hapo: signali imegeuzwa, koili inachajiwa karibu muda wote na inapumzika kidogo tu.

Bora zaidi pima mezani kabla ya kwenda kwenye gari. Betri, ignaita, koili, na plagi ambayo mwili wake umefungwa ethi kwa waya mzuri. Usiiache koili ipige bila plagi yenye ethi. Umeme mkubwa usipopata njia unapita ndani ya koili yenyewe au unarudi kwenye transista. Mwandikie Arduino programu fupi: juu milisekunde 3, chini 37, irudie. Hiyo ni sawa na injini ya silinda 4 kwenye mizunguko 750. Iache ipige dakika kadhaa, halafu shika ignaita na koili kwa mkono baada ya kuzima. Joto la kawaida halina shida. Kikikushinda kushika, punguza dweli.

Na ignaita lazima ifungwe kwenye bati. Nyingi ethi yake ni mwili wake, na joto lake linatokea hapo hapo. Kuilaza juu ya meza ya mbao na kuanza kupiga ni kuitesa.

Juakali_Nakuru:
Sasa ndugu zangu. Nimefuata huu uzi kwa makini kwa sababu nina tatizo kama hilo. Injini yangu ni 4A-FE, Speeduino, ignaita ya Toyota. Inawaka vizuri kabisa. Nimefunga taimingi (cheche ipige nyuzi ngapi kabla pistoni haijafika juu) kwenye programu iwe nyuzi 10 tu bila kubadilika, nikazungusha distribyuta mpaka alama ya puli ikakaa kwa 10 ikiwa inanguruma tu kwa 800. Lakini nikikanyaga mpaka 2000 alama inakimbia mbele, inafika karibu 30. Nikiachilia inarudi 10. Fundi mmoja hapa anasema ni beltingi imeruka jino. Koili nayo ni moto sana.

Saketi_Mwanza:
Kaka, beltingi iliyoruka jino ingekupa kosa lile lile kwa mizunguko yote. Kosa linalokua na mwendo ni la muda, na muda ulio nao hapo ni dweli.

Nenda kwenye mpangilio wa cheche, pale unapochagua cheche ipige signali ikipanda au ikishuka. Naamini imewekwa ikipanda. Boksi inadhani inaanza kuchaji, kumbe ignaita inaona signali inashuka na inapiga cheche pale pale. Cheche inapiga milisekunde 3 kabla ya wakati wake.

Piga hesabu uone. Kwa mizunguko 800 injini inazunguka mara moja kwa milisekunde 75, kwa hiyo milisekunde 3 ni nyuzi 14. Kwa 2000 ni nyuzi 36. Ulipozungusha distribyuta uliificha ile 14. Kwenye 2000 inabaki tofauti ya 22, ukijumlisha na 10 zako unapata 32. Ndiyo hiyo 30 unayoiona. Kwa 3000 ingekuwa 50, na injini inayopigwa cheche nyuzi 50 mapema ikiwa na mzigo inavunja pistoni. Tafadhali usiendeshe hilo gari barabarani.

Ukisharekebisha, rudisha distribyuta ilipokuwa. Hilo watu wanalisahau. Rota, kile kidole kinachozunguka ndani ya distribyuta, inatakiwa iwe inaangalia pini ya silinda yake kwenye kifuniko wakati cheche inapopiga. Ukiizungusha distribyuta nyuzi nyingi, cheche inaanza kurukia silinda ya jirani, au inakata kona ndani ya kifuniko. Rekebisha pembe ya sensa kwenye programu, distribyuta iache katikati ya nafasi yake.

Juakali_Nakuru:
Ilikuwa ikipanda. Nimeweka ikishuka, distribyuta nimerudisha kwa alama ya zamani ya boliti, pembe nimeirekebisha kwenye laptopu. Sasa 10 ni 10 kutoka 800 hadi 3500. Asante sana, Mungu akuzidishie.

Elektroniki_DSM:
Habari zenu kaka zangu. Naomba kuongeza mambo ambayo michoro mingi ya mtandaoni haiyaonyeshi.

Ubongo wa Mega ukiwashwa, kwa muda mfupi miguu yake yote inakuwa haina amri, si juu wala chini. Baadhi ya ignaita zikiona waya unaoelea zinaanza kuchaji. Weka rezista ya kilo-ohm 10 kutoka IGT kwenda ethi, karibu na boksi, ili waya ulale chini mpaka programu iamke. Na umeme wa koili upitishe kwenye rilei inayowashwa na boksi yenyewe baada ya kuamka, badala ya kuutoa moja kwa moja kwenye swichi ya funguo. Rezista hiyo ni ya bei ya pipi, ignaita siyo.

La pili, Mega hujizima na kuanza upya kila laptopu inapofungua mawasiliano ya USB. Injini ikiwa inaunguruma, unachomeka laptopu, injini inakata. Kwenye Speeduino kuna sehemu ya kuzuia hilo wakati injini inafanya kazi, iwashe, na uunge waya wake.

La tatu, kwenye bodi ya Speeduino kuna jampa (kipini cha kuunganisha) ya kuchagua volti 5 au 12 kwa ajili ya cheche. Ignaita ya Toyota inataka 5. Kagua kwa mita kabla ya kuunganisha, usiamini jinsi bodi ilivyokuja.

Pia wekeni kikomo cha dweli kwenye programu. Ikitokea signali imekwama juu, boksi inaikata yenyewe.

Saketi_Mwanza:
Dada umesaidia wengi. Hiyo rezista ya kulaza waya naona ingechapishwa kwenye kila bodi.

Bin_Sur:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Nipo Muscat, nina pikapu ya Chevrolet ya miaka ya themanini, distribyuta kubwa ya HEI (mfumo wa cheche wa GM) yenye moduli ya pini 7, ndiyo ignaita yake. Ndani ya moduli kuna kila kitu, naambiwa hata bila kompyuta gari linawaka. Sasa boksi yangu itaingilia wapi? Na huu waya wa baipasi ni wa nini?

Saketi_Mwanza:
Waaleikum salaam sheikh. Hiyo ni moduli nzuri sana kwa boksi ya kujitengenezea, na waya huo ndio uzuri wake.

Moduli ya pini 7 inasoma sensa ya distribyuta yenyewe, inaigeuza kuwa mawimbi safi ya mraba na kukupa kwenye waya wa rejea. Sisi wa Toyota tunasumbuka kujenga saketi ya kusafisha signali ya sensa, wewe umeshafanyiwa. Wakati wa kupiga stata, baipasi ikiwa haina umeme, moduli inapiga cheche kwa taimingi yake ya msingi bila kuuliza mtu. Injini ikishawaka, boksi inapeleka volti 5 kwenye baipasi. Hapo moduli inaacha kuamua, inaanza kusikiliza waya wa EST, yaani wa amri ya cheche, unaotoka kwenye boksi yako.

Speeduino ina mpangilio wa baipasi. Unachagua mguu utakaoinua hizo volti 5 injini ikitoka kwenye stata. Jambo la kuangalia: taimingi ya msingi sasa inatoka kwenye distribyuta, kwa hiyo kwanza chomoa baipasi, weka distribyuta kwa taa ya taimingi kama gari linavyotaka, ndipo urudishe baipasi na kuoanisha boksi na hiyo alama. Ukianza na boksi kwanza, gari litawaka kwa taimingi moja na kuendelea kwa nyingine, utasikia injini inashtuka kila unapowasha.

Bin_Sur:
Barakallahu fiik. Nimeelewa.

Mdau_Ilala:
Wakuu, kwa nini kuhangaika na distribyuta mwaka huu? Koili za Vitz na IST, za 1NZ-FE, zimejaa Gerezani, Dar es Salaam. Kila koili ina ignaita yake ndani. Toa distribyuta, weka koili 4, maisha yaendelee.

Saketi_Mwanza:
Mkuu uko sahihi kwa sehemu, na mwisho wa safari mimi mwenyewe naelekea huko. Koili hizo, 90919-02240 na ndugu zake, zina pini 4: umeme wa betri, IGT, IGF na ethi. IGT yake ni ile ile tuliyoizungumza, volti 5, kupanda chaji, kushuka cheche. Ukizipiga mbilimbili, 1 na 4 kisha 2 na 3, kwa mizunguko 6000 kila koili inapata milisekunde 10 badala ya 5. Ule ukuta wa mwanzo unasogea mbali.

Ila huwezi kuitoa distribyuta yote, kwa sababu ndiyo inayobeba sensa. Unachotoa ni rota na kifuniko. Halafu lazima boksi ijue injini iko wapi. Fungua distribyuta yako uhesabu meno kwa macho yako, usikisie kwa jina la injini. Zipo zenye meno 24 upande wa NE (sensa ya mizunguko) na jino 1 upande wa G (sensa ya kutambua silinda). Hizo zinatosha kabisa kwa koili 4. Zipo zenye meno 4 tu upande wa NE, na hapo boksi inasubiri muda mrefu kati ya jino na jino. Injini inayopandisha mizunguko kwa kasi, taimingi yake itayumba.

Na sensa zenyewe ni za sumaku, zinatoa mawimbi ya kupanda na kushuka yanayokua na mwendo. Arduino haiyataki hivyo. Unahitaji kisafishi cha signali, cha chipu ya MAX9926 kinafanya kazi vizuri. Nyaya mbili za sensa zina mpangilio: ukizigeuza, boksi inasoma upande wa jino usio sahihi, na alama inateleza mizunguko ikipanda, mara nyingine inapoteza jino kabisa. Ukiona alama inateleza wakati dweli umeshahakikisha, geuza nyaya za sensa kwanza kabla ya kugusa kitu kingine.

Ushauri wangu kwa anayeanza: washa gari kwa koili moja na distribyuta yake, taimingi itulie, ndipo uhamie kwenye koili 4. Ukibadilisha sensa, koili na boksi siku moja, gari likigoma hujui umuulize nani.

Fundi_Sakina:
Mkuu swali la mwisho. Mteja anataka boksi ya Toyota iendelee na mafuta, hii ya kujengwa ishike cheche tu. Nilipomkatia IGT ya zamani, injini inawaka inazima. Nimeunga TE1 na E1 (pini za kusomea kodi za makosa), taa ya injini inapiga kodi 14.

Saketi_Mwanza:
Kodi 14 ni IGF, fundi. Boksi ya Toyota isipopata jibu la ignaita inadhani hakuna cheche, inakata injekta ili mafuta yasijae kwenye mashine. Waya wa IGF kutoka kwenye ignaita urudishe kwenye boksi ya Toyota kama ulivyokuwa, IGT peke yake ndiyo itoke kwenye boksi mpya. Anayetumia Speeduino kwa mafuta na cheche hahitaji IGF. Aikate na kuifunga tepu vizuri isiguse bati.

Fundi_Sakina:
Imekubali. Inaunguruma.

Juakali_Nakuru:
Mimi nimerudi na swali dogo. Rota nimeikagua: nilitoboa tundu kwa kifuniko cha zamani na kumulika kwa taa ya taimingi, iko sawa kwa 10 na kwa 35. Koili sasa inashikika kwa mkono. Lakini asubuhi baridi ya hapa Nakuru inasumbua kuwaka, inapiga stata sana. Jedwali la dweli la betri niweke asilimia ngapi?

Saketi_Mwanza:
Kama koili yako inakaribiana na ile ya mfano wangu, na dweli ya msingi umeiweka kwa volti 12, anza na asilimia 125 kwa volti 10, 100 kwa 12, na 83 kwa 14. Pima ukinzani wa koili yako kwa mita ikiwa baridi. Ukikuta ni mkubwa kuliko ohm 0.5, ile ya volti 10 ipandishe zaidi kidogo, kwa sababu koili ya ukinzani mkubwa inateseka zaidi betri inaposhuka. Ya volti 14 usiiongeze. Na kabla ya yote pima volti kwenye koili yenyewe wakati stata inavuta, si kwenye betri. Waya mbovu wa swichi unaweza kukula volti nzima hapo katikati na jedwali lisijue.